Glavu za Vesta na Meli Aliyoiita Kabati

Vesta mke wangu alikuwa mfupi, lakini kila alichofuma kilikuwa kikubwa. Glavu zake zingemtosha dubu. Asiyezijua angedhani amekosea, au macho yamemwisha. Hakukosea. Kwao kisiwani, kusini kabisa mwa Nova Scotia huko Kanada, ndivyo wanawake wanavyofuma. Glavu ni ya sufu, gumba lina chumba chake na vidole vinne vinalala pamoja. Inafumwa kubwa kupita mkono. Kisha mvuvi anaichovya kwenye maji ya bahari, anaikamua, anaivaa ingali mbichi, anafanya nayo kazi. Inanywea. Siku nyingine anaichovya tena, inanywea tena, mpaka inaushika mkono wake yeye na si wa mwingine. Upepo haupiti. Hata ikilowa, inatia joto vilevile.

Na ni nyeupe. Ya kijivu, ya buluu, nyeusi, hizo kwao hazipandi botini. Ukiuliza kwa nini, wanakutazama kama umeuliza kwa nini watu wanakula.

Mimi hayo sikuyajua. Mimi ni mtu wa mjini Halifax, mtoto wa karakana ya meli. Shule niliiacha mapema nikaenda kufunga minyororo na kunyanyua vyuma. Vesta alikuwa akihudumu kwenye mkahawa karibu na geti letu. Nilikuwa nakunywa chai nyingi kuliko kiu yangu. Siku moja akanipa kifurushi. Nikafungua, nikakuta glavu ambazo ningeweza kuzivaa kichwani. Nikajiuliza, huyu msichana ananionaje? Maana mikono yangu ni midogo. Kazini nilitaniwa kwa hilo tangu siku ya kwanza.

Nikazivaa hivyohivyo kesho yake, kwa heshima yake. Wenzangu walicheka mpaka wakashikilia ngazi. Mmoja akaniuliza nimeziazima kwa nani, na kama mwenyewe bado amelala msituni.

Jioni nikamrudishia. Nikamwambia kwa upole kwamba ni nzuri, ila ni kubwa kidogo.

Alizitazama, akanitazama, akaingia jikoni. Nikasikia kishindo kama sufuria limeanguka. Alikuwa yeye, anacheka. Akatoka anajifuta macho kwa aproni.

"Ulizilowesha?"

"Nizilowesheje? Si mpya hizi?"

"Mungu wangu," akasema. "Naolewa na mtu wa mjini."

Ndivyo nilivyojua kwamba nimekubaliwa.

Glavu zile nilizivaa maisha yangu yote ya kazi. Zikaninywelea mpaka zikawa ngozi ya pili.

Nyumba yetu iko mtaa wa juu. Dirisha la jikoni linatazama karakana na bandari. Nilipostaafu nilidhani nimeachana na meli. Vesta ndiye aliyeanza upya. Alivuta kiti chake cha kufumia mpaka dirishani, akajipa usimamizi. Walikuwa wanajenga meli za doria, za kwenda kaskazini kwenye barafu na mbali kwenye bahari kuu. Vipande vikubwa vilitoka bandani kimoja kimoja, vikaunganishwa, na Vesta akavikosoa kimoja kimoja. Nilimweleza kwamba chuma cha mbele ya meli ni kinene kwa sababu ndicho kitakachopanda juu ya barafu na kuivunja. Akauliza, kitu kizito hivyo kitaelea? Nikasema kitaelea. Akauliza kama mimi ndiye niliyewahakikishia.

Kilichomuudhi zaidi ni sitaha ya mbele. Kwenye meli tulizozizoea, watu hufunga kamba na kushusha nanga mahali pa wazi, wimbi likiwapiga usoni. Kwenye hii mpya waliifunika. Ina paa na kuta, ina joto ndani, barafu isigandishe mashine wala mikono ya watu. Mimi niliona ni akili. Yeye aliona vingine.

"Wanaifungia nanga chumbani kama ng'ombe," akasema.

Tangu siku hiyo meli ile haikuwa na jina lingine kwake ila Kabati. Kabati limetoka kujaribu injini. Kabati linahitaji rangi. Majirani wakaiga. Hata mchungaji nilimsikia siku moja akisema Kabati limerudi, kisha akakohoa.

Basi mjukuu wetu Kendra, binti wa mwanetu Dale, akajiunga na jeshi la majini. Akawa baharia wa sitaha. Akapangiwa meli gani? Kabati.

 Vesta aliteremsha sufu nyeupe kutoka juu ya friji.

Kila mtu wa kwao aliyekwenda baharini tangu Vesta ajue kufuma alikwenda na glavu nyeupe za mkono wake. Wapwa, binamu, Dale mwenyewe alipojaribu uvuvi. Wote walirudi. Wengine walirudi wamelewa, lakini walirudi. Sasa Kabati lingeondoka mwishoni mwa kiangazi, liende kaskazini kwenye vijiji vya huko na kwenye barafu, lirudi miti ikiwa imeshapukutisha majani. Vesta alikuwa na jambo moja tu rohoni. Kendra asitoke bandarini bila glavu nyeupe.

Kabla ya safari kulikuwa na siku ya familia kutembelea meli. Vesta alivaa koti la kanisani. Mkoba wake ulikuwa umetuna kama umebeba kuku. Kendra akatuzungusha, tukafika kwenye sitaha ile iliyofunikwa. Kulikuwa na mashine ya nanga, taa, kamba zimekunjwa vizuri, na joto la kutosha. Vesta akasimama katikati akatazama huku na huku, kama mtu aliyeletewa sahani ambayo hakuagiza. Akavua skafu.

Hapo akaja serahangi, mkubwa wa kamba na nanga na watu wote wa sitaha. Jina lake Sawchuk. Jitu la mtu. Vesta alimuuliza kwao wapi, akajibu ni katikati ya nchi, kwenye tambarare za ngano, na bahari aliiona kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima. Kuanzia hapo Vesta akawa anazungumza naye polepole, kama na mgonjwa.

Akafungua mkoba, akazitoa. Sawchuk akaipokea moja, akainyanyua kwenye taa.

"Bibi, hii ni ya nani?"

"Ya Kendra."

"Ana mkono huu?"

Kendra alikuwa anatazama dari.

Ikabidi nieleze mimi habari ya kulowesha na kunywea. Sawchuk alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwenye sitaha yake watu huvaa glavu wanazopewa, nazo ni nyeusi. Za kutoka nyumbani hapana, nyeupe ndiyo kabisa. Na tena humu ndani hakuna baridi. Bibi mwenyewe si amevua skafu?

"Na ile boti ndogo?" Vesta akauliza. "Ile mnayoshushia watu. Nayo mmeijengea nyumba?"

Sawchuk akajikuna shingo. Boti ndogo iko wazi, na anayeiendesha ni Kendra.

"Hapo umenipata," akasema. "Lakini amri ni nyeusi. Halafu nyeupe kule, bibi, ikidondoka kwenye barafu nani ataiona tena?"

"Glavu yangu haidondoki. Inamjua mwenyewe."

Akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Akasema kama bibi atazitia rangi nyeusi, yeye atageuza uso pembeni.

Vesta akazirudisha mkobani, akafunga zipu. 

Kendra akaja siku mbili tatu baadaye. Nilikuwa nimekaanga katlesi za samaki wa chumvi, na achari ya nyanya mbichi ipo mezani. Akaanza kumbembeleza bibi yake. Ni rangi tu, paketi moja ya dukani, inachemshwa jikoni, na nani atajua? Vesta akainuka akaenda kumwagilia maua ambayo nilikwisha kuyamwagilia asubuhi.

Nikamwita Kendra nje, tukakaa kwenye ngazi. Nikamwambia habari ya Harris. Harris alikuwa kaka wa Vesta. Alinunua glavu za buluu mjini Yarmouth, za dukani, za madaha, kwa sababu kulikuwa na msichana alitaka amwone nazo. Akatoka nazo kwenda kutega baharini. Boti ilipatikana tupu. Glavu moja ilikuwa juu ya sanduku la injini. Vesta alikuwa bado mtoto wa kusukwa nywele. Mimi aliniambia mara moja, mwaka tuliooana, akasema tusilizungumze tena. Hatukulizungumza.

Kendra alivuta uzi wa soksi yake.

"Kwa hiyo nikienda bila hizo hatalala," akasema.

"Hatalala. Na asipolala yeye, mimi ndiye nitakayesimuliwa. Nionee huruma."

Kendra ndiye aliyepata njia. Glavu za jeshi ni pana, za kuvalia juu. Ndani yake nani anachungulia? Akamuuliza Sawchuk, naye akasema asichokiona hakijui. Akatuletea jozi moja nyumbani. Vesta aliigeuzageuza kama samaki anayemtilia shaka. Nje nyeusi, ndani nyeupe. Sasa bahari itahesabu ya nje au ya ndani?

Akampigia simu dada yake Oressa kisiwani. Walizungumza mpaka supu ikaungua. Oressa alisema ni ya ndani. Vesta akasema hakupiga simu ili aamuliwe, alipiga ili ahakikishe. Alipoweka simu akatangaza kwamba ni ya ndani, kwa sababu ndiyo inayogusa ngozi. Alitangaza kama wazo lake.

Ila sasa zilitakiwa zinywee sana, mpaka ziingie ndani ya nyeusi. Nikachukua ndoo nikateremka gatini kuteka maji. Nilipoirudisha, Vesta aliinama akanusa.

"Haya ni maji ya vyoo."

Nikamkumbusha kwamba bandari ilisafishwa zamani. Akasema imesafishwa na watu wasiofuma.

Basi tukaendesha gari mpaka kisiwani kwao kufuata dumu la maji. Ni mwendo wa saa tatu kwenda tu, kisiwa kimeungwa na bara kwa tuta la barabara. Njiani nikamwambia bahari ni hiyohiyo, Atlantiki ni moja. Akanijibu kama ni moja, nikirudi ninywe ya bandarini. Oressa alitupa chai na biskuti za shayiri, akanicheka mpaka akashika mbavu. Tukarudi na dumu limefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma. Kwenye kona niliambiwa nipunguze mwendo, lisiumie.

Kendra alifuata masharti. Alichovya, akakamua, akavaa, akafanya kazi. Glavu zikaanza kushika. Zilikuwa bado kidogo tu. Siku moja kabla ya safari akaitwa upande mwingine wa meli, akazitundika mbichi kwenye sitaha ile iliyofunikwa.

Sawchuk akapita. Naye alikuwa ameanza kuzionea fahari glavu zile, nadhani, maana aliwahi kumuuliza Kendra zimefikia wapi. Akaziona zinadondosha maji. Akahurumia. Akazichukua akazipeleka kwenye chumba cha kukaushia nguo. Chumba hicho kwenye meli ile ni moto kama tanuri, kwa sababu watu huingia kutoka barafuni wameloa chapachapa. Mtu wa pwani angejua. Mtu wa ngano alitenda wema.

Alasiri hiyo akagonga mlango wetu mwenyewe. Kofia mkononi, Kendra nyuma yake macho mekundu. Akanyoosha kiganja. Juu yake kulikuwa na glavu mbili za kumtosha mwanasesere, ngumu kama biskuti ya meli.

Nikasogea kando. Nilidhani leo patachimbika.

Vesta akaichukua moja, akaivaa kwenye vidole viwili. Ikakwama.

"Umezipika," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Moto wa namna gani?"

Akamtajia. Vesta akatikisa kichwa.

"Nilitaka kusaidia," Sawchuk akasema.

"Ninyi watu wa ngano, mkiona kitu kimelowa mnadhani kinaumwa."

Alilipokea neno hilo. Akasema sasa hivi Kendra anaweza kuvaa chochote, nyeupe, nyekundu, nje, ndani, yeye hatasema kitu. Lakini ruhusa ilikuja wakati glavu hazipo. Kabati lingeng'oa nanga asubuhi. Hakuna mwanamke duniani, hata wa kisiwani, anayeweza kufuma jozi na kuifanya inywee kati ya chai ya jioni na asubuhi.

Vesta akakaa kwenye kiti chake dirishani. Mikono mapajani, haina kazi. Kumwona hivyo ilikuwa nadra kwangu. Kule chini Kabati lilikuwa limeshawasha taa zake.

Sikufikiri sana. Nilikwenda mlango wa nyuma tunakotundika makoti, nikazichukua zangu, zile za uchumba. Zamani zilikuwa nyeupe. Sasa zilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na viganja vimeshonwa upya mara nyingi. Nikamwekea mapajani.

"Hizi ni zako," akasema.

"Mimi nimestaafu."

"Si nyeupe tena."

"Ulizifuma nyeupe. Aliyezichafua ni mimi. Bahari ikiuliza, iniulize mimi."

 Vesta akamwita Kendra kwa kidole.

Zilimkaa. Maskini mtoto amerithi mikono yangu, vidole vifupi, gumba nene. Vesta akamkagua, akavuta hapa, akabonyeza pale.

"Mikono ya babu yako," akasema. "Nilijua iko siku itafaa kitu."

Akamvalisha zile nyeusi juu. Zikaingia. Sawchuk akageuza uso pembeni, kama alivyoahidi, ingawa sasa hakuna aliyemwomba. Vesta akampa katlesi za kula njiani, zimefungwa kwenye karatasi, akamwonya hizo asizikaushe.

Asubuhi tulisimama dirishani. Kabati likapita mbele yetu, Vesta akapunga kitambaa cha vyombo. Honi ikalia. Yeye akasema Kabati limetupigia sisi. Mimi nikasema limeipigia feri. Tulibishana mpaka chakula cha mchana.

Majuma yale yote alilala vizuri. Alikoroma. Sikulalamika.

Meli iliporudi, majani yalikuwa chini na baridi imeanza kuuma. Vesta alikuwa gatini mapema, na koti la kanisani. Watu wakakumbatiana, wakalia, watoto wakainuliwa juu. Kendra akateremka. Vesta akambusu shavu hili na hili, akamshika mabega kuhakikisha yupo mzima.

"Ziko wapi?" akauliza.

Kendra akaingiza mkono kwenye begi taratibu. Akatoa glavu nyingine. Zilikuwa za ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini, manyoya nje, zimeshonwa kwa mishono midogo sana. Nilipoona rangi yake nikamtazama Vesta. Zilikuwa za kijivu.

Kendra akaeleza harakaharaka. Walifika kijiji kimoja huko juu, akaleta boti ufukweni. Mama mmoja mzee, jina lake Leetia, alikuja kuwapokea. Akamwambia avue glavu, watu hawasalimiani na ngozi ya jeshi. Kendra akavua nyeusi, yule mama akaziona za ndani. Akazivua yeye mwenyewe. Akazigeuza nje ndani, akanusa, akavuta uzi kwa meno, akauliza nani kafuma. Akaambiwa ni bibi. Akalicheka gumba. Kesho yake akarudi na hizi za sili, akamvalisha Kendra kama anamvalisha mtoto, akaondoka na zetu mikononi.

"Hakuniuliza, Bibi. Ningefanyaje? Alikuwa ameshazivaa."

"Zilimtosha?" nikauliza mimi.

"Kama zake."

Kwa hiyo huko kaskazini kuna mwanamke ana mikono kama yangu. Ilinifariji kidogo.

Vesta hakuwa anasikiliza habari ya mikono yangu.

"Umerudi na hizi," akamwambia Kendra. "Njia yote."

"Njia yote. Ndani ya nyeusi hazikuingia. Serahangi aliniacha nizivae hivihivi."

"Na bahari ilikuwaje?"

Kendra akanitazama, kisha akasema kweli. Ilichafuka vibaya. Kulikuwa na mvuvi mgonjwa kwenye boti la uvuvi, mbali na nchi kavu, na yeye ndiye aliyeendesha boti ndogo kwenda kumchukua. Alikuwa amevaa hizi. Mvuvi alipona, na wao wakarudi melini wote.

"Za kijivu," Vesta akasema.

 Sawchuk alikuwa juu ya ngazi ya meli, anajifanya anakagua kamba.

Vesta akaingiza mkono wake mdogo ndani ya glavu moja. Akauacha humo. Nilijua anamwaza Harris. Watu walitupita na mabegi yao, na yeye amesimama hivyo. Kisha akayapapasa manyoya kwenda upande mmoja, akayapapasa kurudi.

"Hii si rangi," akasema hatimaye. "Sufu ndiyo inayotiwa rangi. Mnyama huyu kazaliwa nayo. Anaivaa baharini kila siku, na kila siku anarudi kwao."

"Isipokuwa huyu," nikasema.

"Wewe Aubrey, nyamaza."

Kendra akacheka mpaka akajifuta macho, au alikuwa analia. Tulipofika kwenye gari Vesta akakaa mbele karibu nami. Tulikuwa tumeshapita daraja la reli aliposema, anatazama nje:

"Labda haikuwa glavu."

Nikamuuliza anasemaje.

"Hakuna. Endesha."

Nikaendesha.

Majira ya baridi yale alifuma jozi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Sawchuk. Mkono wa yule bwana ulivyo, kabla ya kunywea kila glavu ilikuwa kama foronya. Alimpelekea kwa mkono wa Kendra na ujumbe wa mdomo, kwamba hizi haziokwi. Jozi ya pili ilikuwa yangu, kwa kuwa zangu zilikuwa zimehamia kaskazini. Hiyo aliifuma polepole. Kufikia wakati huo alikuwa analala zaidi kuliko kukaa. Aliimaliza, akakata uzi, akaniambia gumba la kushoto halimpendezi, ila kwa mkono wangu litatosha.

Alikufa mwezi Machi. Ardhi ilikuwa bado ngumu.

Tulimzika kwao kisiwani. Sawchuk alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alivaa glavu nyeupe, zimemshika vizuri, hazina mkunjo. Nikamuuliza alizilowesha wapi. Akasema alikuja huku mwenyewe na dumu, siku ya mapumziko, Oressa akampa chai. Alidhani kwamba maji ya bandarini Vesta angeyajua kwa kutazama tu.

Angeyajua.

Zangu ziko hapa mezani. Kubwa, nyeupe, kama alivyoziacha. Kendra ameniletea dumu kutoka kisiwani, ameliweka karibu na mlango wa nyuma. Kila akija analiangalia dumu, ananiangalia mimi.

"Babu, bado?"

"Bado."

Hanisukumi. Anaweka birika jikoni, anapika chai.

Juzi Kabati lilitoka tena kwenda juu, na Kendra yumo, na zile za sili mkobani. Nilisimama dirishani. Nikazivaa zangu hivyohivyo zilivyo, zikanifika karibu na kiwiko, nikapunga. Kijana mmoja wa karakana alikuwa anapanda mlima na chakula chake, akainua macho, akaniona, akacheka wazi. Sikumlaumu. Walionicheka wa kwanza nao hawakuwa wabaya.

Meli ilipofika usawa wa nyumba honi ikalia.

Nikasema, hiyo ni ya feri.

Hakuna aliyenibishia.